Tonge Lisiloshuka

Jumapili ya pili ya Januari Magige alikula chakula cha mchana nyumbani kwa mdogo wake, na tangu siku hiyo hakula tena kama watu wanavyokula.

Alikuwa mtu wa Robanda, mkulima wa mtama na mahindi, mwenye miaka hamsini na miwili na sauti iliyosikika hadi shamba la pili. Mdogo wake, Joram, alikuwa mpishi kwenye kambi moja ya watalii. Alikuwa akikaa kazini wiki tatu, kisha akirudi nyumbani wiki moja. Mke wa Joram aliitwa Beryl. Alikuwa Mjaluo wa upande wa Sirari, mwenye ndugu wengi ng'ambo ya mpaka, na miaka tisa ya kuolewa Robanda haikumwondolea jina la mgeni. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kenya, na watu waliotaka kumteta walianzia hapo.

Wiki moja kabla ya Jumapili hiyo palikuwa na ugomvi. Magige alikuwa amepanda mkonge kugawa shamba walilorithi kwa baba yao, na mstari wa mkonge uliingia hatua kumi hivi upande wa mdogo wake. Joram hakuwepo. Beryl alitoka mwenyewe, akang'oa miche mitatu, akaitupa njiani, na majirani wakamsikia akisema kwamba ardhi hiyo siku moja itamkaba Magige koo. Joram aliporudi aliwapatanisha kwa maneno mengi, na ili mambo yaishe kabisa akamwalika kaka yake na mke wake, Verdiana, waje kula.

Walikula ugali na nyama ya ng'ombe. Magige alikuwa akisimulia kitu, hakutafuna vizuri, akameza. Pande la nyama lilishuka hadi katikati ya kifua likakataa kwenda mbele. Alijaribu kulisukuma na maji, maji yakapanda na kutokea puani. Mate yalijaa mdomoni asiweze kuyameza. Aliinuka akaangusha kigoda, akashika mlango kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni alijua kwamba anakufa. Beryl ndiye aliyemfikia kwanza. Alimpiga mgongoni kwa kiganja, mara nyingi, kwa nguvu ya mwanamke aliyezoea jembe. Baada ya dakika nne au tano pande likajisogeza lenyewe, likateremka polepole kama jiwe, likaisha. Magige alikaa chini huku jasho likimtoka. Watu wakacheka, naye akacheka.

Kesho yake asubuhi, alipokunywa uji, akasikia kitu. Kilikuwa pale pale, nyuma ya mfupa wa kifua, kana kwamba nyama haikuwahi kushuka.

Mwanzoni alidhani ni mchubuko. Alisubiri siku tatu, kisha wiki. Uji ulipita kwa shida, ugali haukupita kabisa, au ulipita lakini yeye alisikia umekaa. Alimeza mate ili kukiondoa, na kadiri alivyomeza ndivyo kilivyovimba. Akawa mtu wa kusikiliza kifua chake kutwa nzima. Watu wakizungumza naye aliitikia bila kujua wamesema nini. Kwenye zahanati walimpa dawa za vidonda vya tumbo; alizimaliza zote, hazikubadilisha kitu. Mwishoni mwa Februari Verdiana alimtobolea mkanda tundu la tatu.

Jambo moja hakumwambia mtu kwa muda. Kila alipomwona Beryl akipita na ndoo yake, kile kitu kilikaza. Akienda zake, kililegea. Magige hakuwa mtu wa kuamini mambo haraka; alikuwa Mkristo, alisoma hadi darasa la saba, na alijua kuna magonjwa. Lakini mwili wake ulikuwa ukimwambia kitu, na hakuwa na sababu ya kuuona mwili wake mwongo. Alikumbuka yale maneno ya siku ya mkonge.

Alipomweleza binamu yake Mwikwabe, jambo likamtoka mikononi. Mwikwabe alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kukasirika kwa niaba ya wengine, na alikuwa na wenzake waliomfuata. Yeye ndiye aliyempeleka kwa mganga, mbali kidogo, mahali ambako hawakujulikana. Mganga alimnywesha majani akatapika, akachokoa matapishi kwa kijiti, akamwonyesha kifundo cha nywele na kipande cha mfupa. Akasema mkono ni wa mwanamke, na jiko liko karibu na kwake. Kwa siku mbili Magige alikula ugali kama zamani. Siku ya tatu kitu kikarudi, kikali zaidi, na mganga akatuma ujumbe kwamba hakitakwisha maadamu mwenye mkono huo bado yuko.

Kuanzia hapo hakuna aliyesema "ugonjwa wa Magige." Watu walisema amelishwa uchawi. Beryl alikuwa akiuza samaki wakavu na dagaa mbele ya nyumba yake. Wateja wakapungua hadi wakaisha. Mtoto wake Esta, wa miaka saba, akaanza kukaa peke yake shuleni. Mchana mmoja mtu akatupa jiwe juu ya bati lao. Joram alikuwa kambini, na aliposikia kwa simu akamwomba Magige awatulize watu. Magige alijibu kwamba yeye hajamtaja mtu mbele za watu. Ilikuwa kweli, na alijua haitoshi.

Wiki ya pili ya Machi wazee wa ukoo walipanga kikao Jumamosi. Mwikwabe alikwisha sema wazi kwamba kikao ni cha kumwambia mwanamke huyo aende kwao, na asipokwenda, yeye na wenzake watajua la kufanya. Hapo ndipo Gloria alipokuja.

Gloria alikuwa binti mkubwa wa Magige, mwalimu wa shule ya msingi Kenyamonta. Alimwamkia baba yake shikamoo, akamtazama shingo iliyokonda. Kisha akamwambia kwamba amepata nafasi Jumatano kwenye hospitali moja Mwanza ambako huingiza kamera kooni na kutazama kwa macho. Magige alikataa. Gloria hakubishana naye kuhusu uchawi. Alikuwa amelifikiria jambo hilo njiani.

"Baba, kama kamera ikikuta kitu, mimi sitasema neno Jumamosi," alisema. "Lakini isipokuta, utasimama mbele yao na kusema umeona nini. Hutamwachia mwingine."

Alikubali, kwa sababu alikuwa na uhakika watakikuta.

Daktari aliitwa Regina, mwanamke mfupi mwenye miwani, ambaye alimuuliza maswali nusu saa nzima kabla ya kumgusa. Alitaka kujua siku ya kwanza ilikuwaje, alikaa muda gani amekabwa, alifikiri nini wakati ule. Hakuna aliyewahi kumuuliza alifikiri nini. Alijibu kwamba alifikiri nani atamalizia kupalilia. Daktari aliuliza pia kama kitu hicho huwa kikali wakati fulani. Magige akasita, akamwambia habari za Beryl, akitegemea kuchekwa. Daktari aliandika tu.

Alimweleza kwamba atapuliziwa dawa ya ganzi kooni lakini hatalazwa usingizi. Kwa kuwa hataweza kusema, kila atakapokisikia kile kitu, pale pale anapokisikia siku zote, ainue kidole cha shahada. Muuguzi ataandika.

Walimlaza ubavu wa kushoto. Bomba jeusi lilipita mdomoni, na mwili wake wote ukataka kuinuka na kukimbia. Muuguzi alimshika bega. Mbele yake palikuwa na kioo kama cha televisheni, na ndani yake aliona shimo jekundu lenye kung'aa, likifunguka na kujifunga, na akaelewa kwamba anajitazama ndani. Alitafuta kwa macho. Alitafuta nywele, mfupa, uvimbe, chochote. Kuta zilikuwa laini kama ndani ya shavu la mtoto.

Kisha kikaja. Pale pale, kile kile, kwa nguvu zake zote. Aliinua kidole. Kikalegea. Kikaja tena, akainua. Alisikia daktari akimwambia muuguzi waongeze, naye akakisikia kikipanda, akainua. Mara sita. Macho yalimtoka machozi, na kwenye kioo shimo jekundu likabaki tupu kama lilivyokuwa.

Walipomtoa bomba walimpa muda wa kukaa. Gloria aliitwa ndani. Daktari Regina alivuta kiti karibu, akaiweka ile karatasi ya muuguzi juu ya meza katikati yao.

Alisema umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni zima. Hakuna kitu kilichokwama, hakuna kidonda, hakuna kovu, hakuna mahali palipobana. Amekata vinyama vidogo sana avipeleke maabara, na majibu yatachukua wiki mbili, maana kuna magonjwa machache yasiyoonekana kwa macho. Magige akamwambia kwamba alikisikia, hata yeye aliona kidole.

"Niliona," daktari alisema. "Uliinua mara sita. Mara nne nilikuwa nimepuliza hewa. Hewa tu, kidogo, kiasi ambacho mtu mwingine angenitazama akisubiri nianze. Na mara mbili sikufanya kitu. Nilimwambia tu muuguzi kwa sauti kwamba tunaongeza."

Magige aliitazama karatasi. Alama za muuguzi zilikuwepo, na mbili zilikuwa zimezungushiwa duara.

"Kwa hiyo mimi ni mwongo," alisema. "Au nimeanza kuwa kichaa."

Daktari akasema si hilo wala lile, na akamweleza taratibu, akirudia pale alipomwona hajaelewa. Kuta za umio zimejaa mishipa ya fahamu. Kila mtu anapomeza, mishipa hiyo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba kuna kitu kinapita. Ubongo hupokea habari hizo kutwa nzima na kuziacha zipite, kwa sababu hauna kazi nazo. Ndiyo maana mtu hasikii mate yake yakishuka. Lakini siku ile nyama ilikwama kweli, na akaogopa kifo kweli. Tangu hapo mishipa yake imekuwa myepesi kushtuka, na ubongo wake hauachi habari ipite. Kila kitu kinachopita pale, tonge, mate, hewa, unakipokea kama ile nyama. Akiwa na hofu unakikuza, na akikitegemea unakitengeneza hata kabla hakijaja. Maumivu anayoyasikia ni maumivu ya kweli, kwa sababu maumivu yote ya binadamu, hata ya mguu uliovunjika, husikika ubongoni. Kilichokosewa ni ukubwa wake, na mahali anapodhani yametoka.

Magige alikuwa amelala miaka mingi kwenye kibanda cha kulinda shamba, na alijua jinsi masikio ya mtu yanavyokuwa mwezi mzima baada ya tembo kuingia: panya akigusa jani kavu, mkono umeshakamata debe la kuwafukuzia.

"Huyu shemeji yako," daktari aliongeza, "ukimwona unakumbuka siku ile. Ubongo unakaza, na koo linakaza. Ingekuwa hivyo hivyo kama ungeogopa kiti ulichokalia."

Gloria akauliza kuhusu sumu. Daktari alijibu kwa uangalifu. Alisema hawezi kuapa juu ya kila kitu kilichopo duniani, lakini anaweza kuapa juu ya alichokiona: sumu ya kuunguza ingeacha alama, na sumu nyingine haikai miezi miwili kifuani ikisubiri mtu apite na ndoo. Akaandika vidonge vidogo vya kumeza jioni, akaeleza kwamba kwa dozi kubwa hutumika kwa watu wenye huzuni, lakini kwa kiasi hiki kidogo hupunguza kelele za mishipa. Vingechukua wiki kadhaa. Akamfundisha pia kupumua kwa tumbo, mkono mmoja juu ya kitovu, pumzi ndefu ya kutoka, kabla ya kila tonge.

"Na kitu hakitaondoka leo," alimwambia mlangoni. "Usiende nyumbani ukidhani kimeondoka."

Ijumaa, wakiwa njiani kurudi, walilala Mugumu kwa rafiki wa Gloria. Jumamosi saa mbili asubuhi Verdiana akapiga simu. Mwikwabe hakusubiri kikao. Alikuwa kwa Beryl na watu kumi na tano hivi, na walikuwa wakitoa vyombo nje. Joram alikuwa ameomba ruhusa kambini lakini gari alilopanda lilikuwa halijafika.

Walikodi pikipiki mbili. Njia nzima Magige alisikia kitu kikipanda kifuani, hadi ikafika mahali akamgonga dereva begani asimame, akashuka, akainama kando ya barabara akiwa na hakika atatapika. Hakikutoka kitu. Alisimama na mkono juu ya kitovu, katikati ya vumbi, akivuta pumzi kama mjinga, na Gloria akimsubiri.

Uani kwa Joram godoro lilikuwa juu ya majani, na sufuria, na daftari za shule za Esta zimemwagika. Mtoto mwenyewe alikuwa amepelekwa kwa jirani. Beryl alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, ameshika mwiko, hakulia. Wazee watatu wa ukoo walikuwa wamefika wakisema kikao ni saa nne, lakini hakuna aliyewasikiliza. Mwikwabe alimwona Magige, akanyoosha mikono kutaka nafasi itolewe, na watu wakanyamaza.

"Wamekitoa?" aliuliza.

"Hakikuwepo," Magige alisema. "Nimejitazama ndani kwa macho yangu. Ni patupu."

Kulikuwa na mnong'ono. Mwikwabe alimsogelea. Alikuwa amempeleka kwa mganga kwa miguu yake, alikuwa amekosa kulala kwa ajili yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayempenda.

"Kaka, niambie kitu kimoja. Hapo uliposimama, bado unakisikia?"

Magige angeweza kusema hapana. Alimwona Gloria akimtazama, akamwona Beryl akimtazama, na alijua jibu gani lingemaliza mambo haraka. Lakini alijua pia kwamba mchana wangemwona akiacha ugali, na kesho pia, na uongo wake ungemrudia mwanamke yule ukiwa na meno.

"Ninakisikia," alisema. "Hata sasa."

Sauti iliyotoka kwenye kundi ilikuwa ya chini, kama ng'ombe wakisukumana kwenye geti. Mtu mmoja alichukua jembe lililoegemezwa ukutani. Magige akainua mkono na kuanza kusema kwa ile sauti yake ya shamba la pili, ambayo hakuwa ameitumia tangu Januari. Aliwaeleza habari za kidole. Alieleza vibaya, akaruka mambo, akarudi nyuma. Alisema mara nne ilikuwa hewa, na mara mbili haikuwa hata hewa, bali maneno tu ya daktari. Alisema aliinua kidole mara zote sita, naye si mwongo wala kichaa. Kichwa chake kilishtuka siku ile na hakijaacha kushtuka. Alisema kile alichoonyeshwa na mganga hakikutoka kwake, kwa sababu kama kingetoka kwake kisingerudi siku ya tatu. Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali. Wengine wakatazama chini. Mwenye jembe hakuliweka.

"Maneno ya hospitali," Mwikwabe alisema.

Hapo Magige akamgeukia Beryl. "Mama Esta, nipe chakula," alisema. "Chochote kilichopo. Nile mbele yao."

Beryl alitikisa kichwa. "Sikupi, shemeji. Wewe mwenyewe umesema bado unakisikia. Ukikabwa na tonge langu mbele ya hawa, ni mimi nitauawa, si wewe. Sikupi hata maji."

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, hata Magige. Alisimama akiwa ameaibika. Kisha akasema kwa sauti, akiwataja wale wazee watatu kwa majina, kwamba Beryl amemnyima chakula, na wote wamesikia, na anachokula anakichukua mwenyewe kwa mkono wake. Akampita mlangoni, akaingia jikoni. Kulikuwa na kiporo cha ugali wa jana kwenye sahani, kimefunikwa. Alitoka nacho, akaketi juu ya kigoda katikati ya uani, akaosha mikono kwa maji ya ndoo iliyotolewa nje.

Ugali ulikuwa baridi na mgumu, ule ambao hata mzima huushusha kwa mchuzi. Alimega tonge dogo. Aliweka mkono wa kushoto juu ya kitovu, na alijua anaonekana kichekesho. Alitafuna hadi ukawa maji. Akatoa pumzi, akameza.

Kikakaza. Kilikuja kama siku ya kwanza kabisa, chenye uzito wake wote, na mikono yake ikafa ganzi. Kila kitu ndani yake kilimwambia kwamba tonge limekwama, kwamba ainuke, kwamba ashike mlango. Aliona miguu ya watu imesogea hatua moja. Alijikumbusha kioo, na kuta laini, na duara mbili kwenye karatasi. Tonge lilikuwa limeshapita. Halikuwa kifuani, lilikuwa tumboni, na kilichobaki kifuani kilikuwa habari tu. Alitoa pumzi hadi ikaisha, akavuta nyingine. Akamega tonge la pili.

Ilimchukua karibu saa nzima. Jasho lilipita shati. Kati ya tonge na tonge alisikika jogoo, na mama mmoja aliyekuwa akikohoa. Kwenye tonge la saba au la nane hivi alipaliwa na mate, akakohoa, na Beryl akafunga macho. Akakohoa hadi ikaisha, akaendelea. Alipofuta sahani kwa kidole, mwenye jembe alikuwa ameliegemeza tena ukutani, na baadhi ya watu walikuwa wamekwisha ondoka bila kuaga.

Mwikwabe alikaa hadi mwisho. Alimtazama kaka yake kana kwamba anasubiri kitu zaidi, kisha akasema, "Tutaona," akaondoka. Hakuwa amekubali. Lakini hakugusa tena godoro.

Joram alifika saa sita na kukuta mke wake na Gloria wakirudisha vyombo ndani. Magige alikuwa ameokota daftari za mtoto na kuzipanga. Alimpa Beryl mkononi na kumwambia kwamba amekosea, kwamba alijua watu wanasema nini na akanyamaza.

Beryl alizipokea daftari. Alizikung'uta mavumbi moja baada ya nyingine kabla ya kujibu.

"Siku ile uliyokabwa, mimi ndiye nilikupiga mgongo," alisema. "Nilikupiga mpaka mkono ukavimba, kwa sababu nilitaka uishi. Na miezi miwili ulikuwa unaniona unageuza uso. Wewe daktari amekupa dawa. Mimi nipewe nini?"



Jumatatu Beryl alimchukua Esta akaenda kwa mama yake Sirari. Wengine walisema hatarudi. Majibu ya maabara yalikuja mwisho wa mwezi na hayakuonyesha ugonjwa. Magige alimeza vidonge vyake kila jioni bila kuviamini sana, akapumua kwa tumbo, na mwanzoni mwa Mei akaona kitu kile kimekuwa kidogo. Kuna asubuhi kilikuwepo, kuna asubuhi ilibidi akitafute. Mkanda wake ulirudi kwenye tundu la pili. Mkonge aliung'oa wote peke yake, akamwacha Joram apime mpaka na wazee.

Beryl alirudi Juni, kwa sababu shule ya Esta ilikuwa Robanda na mume wake alikuwa Robanda. Meza yake ya dagaa ilipata wateja wachache, kisha wengi kidogo. Alimwamkia Magige njiani kama mtu anavyomwamkia mkubwa, akapita. Joram alikuja kumwambia kaka yake, kwa aibu, kwamba mke wake amesema hatampikia tena, hata kwenye msiba, na asiombwe.

"Usimwombe," Magige alisema.

Walikuwa shambani, wakifunga kamba zenye pilipili kuzuia tembo, kwa kuwa mtama ulikuwa karibu kukomaa. Joram alikuwa amebeba viazi vya kuchemsha kwenye mfuko, na walikula wakiwa wamesimama, wakibishana kuhusu kamba ipite wapi. Viazi vilikuwa vikavu. Magige alimaliza vitatu, akaomba cha nne, akaendelea kubishana.

Joram alikuwa ameona kwamba kaka yake anameza bila kusita, lakini hakusema kitu, asije akamkumbusha.